Pedi Ikitoka Mkononi: Gemu Inavyogeuzwa Filamu, na Inakoharibikia

Filamu ya Mortal Kombat, iliyotokana na gemu ya kupigana, niliiona kwa mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, Dar es Salaam, nikiwa nimebanwa katikati ya benchi na jasho la wenzangu. Kibanda cha pili kutoka hapo kilikuwa cha gemu, na wengi wetu tulikuwa tumetokea huko baada ya kuishiwa hela. Picha ikaenda, watu wametulia, mpaka Johnny Cage, mmoja wa wapiganaji wa gemu ile, alipokutana na Goro, lile jitu la mikono minne. Cage akachana msamba mpaka chini, akaliachia ngumi moja pale ambapo hakuna mwanamume anayetaka kupigwa. Kibanda kizima kikasimama. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, ambaye nadhani hakuwahi kushika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea gemu, maishani mwake, akauliza, "Kwani kuna nini?" Hakuna aliyemjibu. Ungemwelezaje? Ngumi ile tulikuwa tunaijua kwa vidole.

Filamu hiyo ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Paul W. S. Anderson, ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 20 na ikaingiza zaidi ya milioni 120 duniani. Si filamu nzuri kihivyo. Nimeirudia ukubwani, na kuna mazungumzo mle ndani yanayochekesha bila kukusudia. Lakini ilikuwa imeshika jambo moja ambalo filamu nyingi za gemu zilizoitangulia na zilizoifuata, nyingine zikiwa na bajeti mara tano, hazikulishika.

"Nimekufa" na "kafa"

Wasikilize watoto wanaocheza. Mario akitumbukia shimoni, mwenye pedi hasemi "Mario amekufa". Anasema "Nimekufa." Na anayesubiri zamu anamdaka hapohapo: "Umekufa, lete pedi." Sasa wapeleke watoto haohao kwenye sinema, mtu aanguke kutoka ghorofani. Utasikia "Kafa!" Nafsi imehama, kutoka ya kwanza kwenda ya tatu. Kisarufi ni herufi chache tu. Kwa mtu anayetaka kugeuza gemu iwe filamu, karibu matatizo yake yote yanachipukia hapo.

Chukua woga. Ukicheza Resident Evil huogopi kwa kumhurumia mtu fulani aliye hatarini. Unapiga hesabu: nimebakiwa na risasi nne, korido ni ndefu, na nyuma ya ule mlango nimesikia kitu kinajikokota. Chukua furaha. Utamu wa Mario uko kwenye kidole gumba: unabonyeza, unaruka, unakosa, unarudia, na mara ya kumi na saba unapita. Kifo chenyewe kwenye gemu ni mwalimu tu. Kinakuonyesha ulipokosea kisha kinakurudisha mwanzo wa njia. Kwenye filamu kifo ni kufunga habari, ndiyo maana vibandani kulikuwa na kanuni ambayo kila mtu aliijua bila kufundishwa: steringi hafi. Gemu inakuua mara mia ndipo ikupe ushindi, na ushindi wa namna hiyo mtu aliyekaa akitazama hawezi kuuonja.

Kwa hiyo hadithi ya gemu mara nyingi ni kama kamba ya kuanikia nguo. Mtu haendi uani kutazama kamba; anatazama kilichoanikwa. Binti mfalme katekwa, mkomboe: hiyo ndiyo kamba ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, na ilitosha kabisa, kwa sababu nguo zote zilikuwa ni matendo yako wewe. Sasa mwongozaji wa filamu anakuja, pedi anaiondoa, nguo zote zinaondoka nayo, halafu anabaki na kamba anajiuliza watu watatazama nini kwa saa mbili.

Mario wa kwanza

Waliojiuliza swali hilo mapema zaidi Hollywood ni Rocky Morton na Annabel Jankel, waongozaji wa Super Mario Bros. ya mwaka 1993. Walikuwa na waigizaji wa haja: Bob Hoskins akiwa Mario, John Leguizamo akiwa Luigi ndugu yake, Dennis Hopper akiwa Mfalme Koopa. Walikuwa na zaidi ya dola milioni 40. Walikuwa na kiwanda cha saruji kilichoachwa huko North Carolina, ambacho walikigeuza kuwa mji mzima.

Kamba ilikuwa nyembamba mno, wakaona waifume upya. Wakaamua kwamba kuna ulimwengu sambamba ambamo dinosaria hawakutoweka, bali waliendelea kubadilika mpaka wakawa na sura za watu. Mji wao ni wa giza, umejaa kutu na nyaya, na ukungu wa uyoga unaning'inia kila mahali kama kamasi. Goomba, ambao kwenye gemu ni vidude vya kahawia unavyovikanyaga, wakawa majitu ya makoti marefu yenye vichwa vidogo kama ngumi. Kuruka, ambako ndiko Mario mwenyewe alikozaliwa nako, kukahitaji viatu vya mashine.

Nikiri kwamba kuna kitu nakipenda katika filamu hii. Watu walioitengeneza walikuwa na ubunifu, na mji ule ukiutazama kama mji tu, bila kufikiria Mario, unashangaza. Lakini ilikuwa majibu ya swali ambalo hakuna mchezaji aliyewahi kuliuliza. Hakuna mtoto aliyewahi kukaa na pedi mkononi akawaza: hivi hawa uyoga kibaiolojia wametokea wapi? Nchini Marekani filamu iliingiza takriban dola milioni 21, nusu ya kilichotumika. Hoskins alipoulizwa miaka mingi baadaye kuhusu kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya, aliitaja hiyo bila kusitasita.

Nintendo, kampuni yenye gemu ya Mario, walijifunza kwa namna yao: wakafunga mlango. Kwa karibu miaka 30 hakuna aliyepewa tena Mario wa kuigizwa kwenye sinema.

Mario wa pili

Mlango ulipofunguliwa, mwenye nyumba alikuwa ameketi sebuleni. The Super Mario Bros. Movie ya mwaka 2023 ilitayarishwa kwa pamoja na Chris Meledandri wa studio ya Illumination na Shigeru Miyamoto, mtu yuleyule aliyembuni Mario. Iligharimu karibu dola milioni 100 na ikaingiza zaidi ya bilioni 1.3. Wahakiki wengi waliibeza kwamba hadithi yake ni nyepesi. Ni kweli ni nyepesi. Kamba ni ileile ya 1985, wamegeuza tu kwamba anayetekwa ni Luigi. Walichokifanya kwa akili ni kutafuta namna ya kuanika nguo bila pedi.

Tazama mwanzoni, wakiwa bado Brooklyn. Gari la mafundi bomba hawa wawili limegoma, na kazi yao ya kwanza inawasubiri. Wanakimbia kwa miguu, wakikatiza eneo la ujenzi, na kamera inakaa ubavuni, inateleza nao kutoka kushoto kwenda kulia. Mario anadandia mbao, anaruka pengo, anapita juu ya bomba. Hakuna anayesema neno kuhusu gemu. Aliyewahi kuicheza anajikuta kidole gumba kinacheza chenyewe. Asiyewahi anaona fundi mnene mwenye wepesi wa ajabu, na anaelewa huyu ni mtu wa namna gani. Sekunde chache zimefanya kazi mbili.

Halafu kuna kile kipande cha mazoezi. Peach, yule binti mfalme, anamwonyesha Mario njia iliyotegwa vizuizi: matofali yanayoelea, maua yanayong'ata, vyuma vya moto vinavyozunguka. Yeye anaipita kama anacheza. Mario anajaribu, anaanguka. Anajaribu tena, anagongwa. Anarushwa, anarudi mwanzo, anaanza upya, na kila safari anafika mbele kidogo kuliko safari iliyopita. Hapa ndipo ile "nimekufa" ilipotafsiriwa. Walichokichukua kwenye gemu kilikuwa ule mdundo wa kushindwa na kurudia, na wakaufanya kuwa tabia ya mhusika: huyu ni mtu asiyejua kukata tamaa. Mchezaji alikuwa mkaidi. Sasa Mario ndiye mkaidi. Nafsi imehama na hakijavunjika kitu.

Filamu ya Doom ya mwaka 2005 ilijaribu njia ya mkato. Karibu na mwisho, kwa dakika kama tano hivi, kamera inaingia machoni mwa mhusika na bunduki inatokea chini ya skrini, kama kwenye gemu hasa. Kwa maandishi linaonekana wazo zuri. Ukilitazama, hisia unayoipata unaijua tangu utotoni: umekaa nyuma ya kaka yako mkubwa anayecheza, na leo hana mpango wa kukupa zamu.

Gemu yenye hadithi nene ina mtego wake

Mtu anaweza kusema: basi tuchague gemu ambazo hadithi zake ni nzito tayari, tuzihamishe kama zilivyo. The Last of Us ya mwaka 2013 ni mfano unaotajwa sana, na mfululizo wa televisheni uliotokana nayo mwaka 2023 ulipokelewa vizuri mno. Aliuandaa Craig Mazin pamoja na Neil Druckmann, mwandishi wa gemu yenyewe. Watu husifu uaminifu wake kwa gemu. Mimi naona umefaulu zaidi pale ulipoacha uaminifu wa juujuu.

Gemu inaanza usiku ambao ugonjwa wa kutisha unaanza kuenea. Sarah, binti wa Joel, anaamka peke yake nyumbani, na wewe ndiye Sarah. Unatembea naye kwenye korido yenye giza, unafungua milango, unamtafuta baba. Baadaye kidogo unakuwa Joel, unakimbia ukimbeba binti huyo aliyeumia mguu. Kisha askari anafyatua risasi, na Sarah anafia mikononi mwa baba yake. Yote hayo ni kama robo saa. Inatosha kukuvunja moyo, kwa sababu dakika chache kabla miguu yake ilikuwa miguu yako, na ulipokuwa Joel uzito wake ulikuwa mikononi mwako.

Kwenye televisheni mikono ya mtazamaji ni mitupu. Ukimwonyesha robo saa ileile, Sarah atakuwa msichana mwingine tu aliyekufa mwanzoni mwa picha. Kwa hiyo Mazin na Druckmann wakarudi nyuma, wakaanza asubuhi. Sarah anaandaa kifungua kinywa, ni siku ya kuzaliwa ya baba. Anakwenda shule. Anapeleka saa ya baba mbovu kwa fundi. Anashinda kwa majirani wazee. Ni karibu nusu saa ya mambo madogomadogo ambayo mtazamaji asiye na subira angeyaita porojo. Lakini hayo ndiyo bei ya kile ambacho pedi ilikuwa inakitoa bure. Wasichoweza kukupa kwa vidole wamekupa kwa mazoea. Risasi inapolia, saa ile iliyotengenezwa iko mkononi mwa Joel, nawe unajua nani aliipeleka kwa fundi.

Kinyume cha hapo ni Assassin's Creed ya mwaka 2016, yenye Michael Fassbender. Kwenye gemu kuna mashine inayomrudisha mtu kwenye maisha ya mababu zake, na sehemu kubwa ya muda uko huko kale: unakwea minara, unakimbia juu ya mapaa, unajirusha kwenye nyasi kavu. Maabara ya siku hizi ni kisingizio tu cha kukufikisha huko. Filamu ikageuza uwiano: watu walilipa kiingilio wakakimbie juu ya mapaa ya Hispania ya mwaka 1492, wakafungiwa maabara Madrid kusikiliza wanasayansi wakibishana. Walionyeshwa kamba.

Kofia ya Master Chief

Kuna jambo la sura ambalo ni pana kuliko linavyoonekana.

Watu wengi wanakumbuka kisa cha Sonic. Mwisho wa Aprili 2019 studio ya Paramount ilitoa trela, na ndani yake kalunguyeye wa bluu alikuwa na macho madogo, miguu ya mwanariadha na meno kama ya binadamu. Mtandao ulilipuka. Ndani ya siku chache mwongozaji Jeff Fowler alitangaza kwamba watamchora upya, filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020, na msanii Tyson Hesse, ambaye alikuwa amechora Sonic wa vitabu na wa gemu, akaitwa kuongoza kazi hiyo. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 300, na mbili zilizofuata zikapita hapo.

Somo ambalo wengi walichukua ni kwamba studio ziwasikilize mashabiki. Sina hakika. Mashabiki wanataka mambo elfu na mengine yanapingana. Hasira ile ilikuwa na sababu mahususi: Sonic si mtu mliyetambulishwa. Ni mwili ambao mamilioni ya watu waliwahi kuuvaa na kukimbia nao. Ukiubadilisha umewabadilishia wao.

Gemu ya Halo inaonyesha vizuri zaidi. Master Chief ni askari aliyevaa kofia ya chuma yenye kioo cha dhahabu, na kwenye gemu sura yake huioni. Kofia ile ni mahali pa kuweka sura yako. Mfululizo wa televisheni ulipotoka mwaka 2022, kofia ilivuliwa katika sehemu ya kwanza kabisa. Waandishi walikuwa na hoja: mwigizaji anahitaji uso, hisia hazionekani kwenye kioo. Ni hoja ya haki kabisa kwa upande wa televisheni. Lakini wachezaji waliokuwa wamekaa ndani ya kofia hiyo kwa miaka 20 walijikuta wametolewa nje ghafla, na ndani kumbe alikuwamo mtu mwingine. Misimu miwili, ukasitishwa.

Ndiyo maana ujanja wa Resident Evil, ambao mashabiki waliulaani, naona ulikuwa wa busara kuliko walivyodhani. Paul W. S. Anderson, yuleyule wa Mortal Kombat, mwaka 2002 alimweka katikati Alice, mwanamke ambaye hayumo katika gemu hata moja, akaigizwa na Milla Jovovich. Hakuna mchezaji aliyewahi kuwa Alice, kwa hiyo hakuna aliyeporwa. Filamu sita, zaidi ya dola bilioni moja. Mfululizo wa Fallout wa mwaka 2024 ulipita njia hiyohiyo kwa ustadi zaidi: ukachukua ulimwengu wa gemu, vichekesho vyake vya uchungu na vifaa vyake vya kizamani, ukawaweka ndani watu wapya kabisa. Sehemu ya jangwa la ulimwengu huo ilipigwa picha Namibia, kwenye mji wa machimbo ya almasi uliomezwa na mchanga.

Nani ameshika pedi ofisini

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba filamu hutengenezwa na watu wanaokaa na kutafakari kuhusu nafsi ya kwanza na ya tatu. Mara nyingi hutengenezwa na watu wanaogombea pedi.

Turudi kwa Halo, safari hii miaka ya nyuma. Mwaka 2005 Microsoft, wenye gemu hiyo, walimlipa mwandishi Alex Garland dola milioni moja aandike skripti, kisha wakaipeleka kwenye studio za Hollywood kwa mikono ya watu waliovaa mavazi kamili ya Master Chief. Watu wa studio wasome, watoe bei, wakubali masharti. Masharti yenyewe yalikuwa mazito: fedha nyingi, na sauti kubwa katika maamuzi. Universal na Fox waliingia pamoja, Peter Jackson akawa mtayarishaji, na kijana wa Afrika Kusini ambaye hakuwa ameongoza filamu ndefu hata moja, Neill Blomkamp, akapewa kuongoza. Mwaka 2006 mpango ukavunjika kwenye ubishi wa fedha. Jackson akamwambia Blomkamp basi tutengeneze kitu chetu, na kilichotoka ni District 9, iliyopigwa Johannesburg, ikateuliwa kuwania tuzo nne za Oscar ikiwemo ya filamu bora. Mwenye gemu alibana mno, akakosa filamu. Hollywood nayo ikapata filamu bora ambayo haikuwa na gemu ndani yake.

Kuachia mno nako ni hatari, na tumeona Nintendo walivyoungua mwaka 1993. Kati ya pande hizo mbili, mfano ninaoupenda ni Scott Cawthon, ambaye mwaka 2014 alitoa Five Nights at Freddy's, gemu aliyoitengeneza karibu peke yake. Unakaa kwenye chumba cha mlinzi wa usiku katika mgahawa wa watoto, unatazama kamera, na umeme ni wa kuhesabu. Midoli mikubwa ya mashine inatembea ukiiacha bila kuitazama. Ni hivyo tu. Haki za filamu zilinunuliwa mwaka 2015, skripti zikaandikwa na kutupwa moja baada ya nyingine, na Cawthon akawa anakataa mpaka ikafika 2023. Bajeti ilikuwa dola milioni 20, fedha ya chai kwa Hollywood. Sehemu yake ilikwenda kwenye midoli halisi iliyotengenezwa na karakana ya Jim Henson, yenye uzito na manyoya. Wahakiki hawakuipenda. Iliingiza karibu milioni 300.

Na wakati mwingine pedi imeshikwa na mhasibu. Miaka ya 2000 mwanzoni, Mjerumani Uwe Boll alitoa filamu za gemu mfululizo, House of the Dead, Alone in the Dark, BloodRayne, kila moja ikichekwa kuliko iliyotangulia, na watu wakawa wanashangaa nani anaendelea kumpa fedha. Jibu lilikuwa kwenye sheria ya kodi ya Ujerumani ya wakati huo: tajiri aliyewekeza kwenye filamu aliruhusiwa kuondoa uwekezaji huo kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, kwa hiyo hata filamu ikifeli hasara yake ilipungua makali. Majina ya gemu yalikuwa chambo tu. (Mwaka 2006 Boll aliwaalika wakosoaji wake ulingoni, akawapiga kweli kwa ngumi. Huyo angalau alielewa maana ya mchezo wa kupigana.)

Kwetu huku, jina linalouza lilifika mwaka 2003. Filamu ya pili ya Lara Croft, The Cradle of Life, ilipigiwa baadhi ya vipande Kenya, ikiwemo Amboseli na Hell's Gate. Mandhari yanavutia, na Angelina Jolie alikuwa Lara hasa. Lakini ukiicheza gemu ya kwanza ya Tomb Raider, kinachokubaki ni upweke: pango kubwa, kimya, sauti ya maji, na wewe unatafakari jiwe lipi lisukumwe. Filamu zote mbili zilijaza watu, risasi na kelele mahali pa ule ukimya. Ya kwanza iliingiza karibu dola milioni 275; ya pili ikashuka hadi kama 160. Jina linauza tiketi ya kwanza.

Kuku na mpandaji wake

Aprili 2025 ikatoka A Minecraft Movie, na mwenye nadharia kama mimi akapata kazi. Gemu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 300 na haina hadithi hata ya kamba. Unachimba, unajenga, usiku unaingia ndani. Filamu ikamweka Jack Black na Jason Momoa, ikawatupa kwenye ulimwengu wa matofali, ikafanya utani mwingi wa kijinga, ikaingiza zaidi ya dola milioni 900.

Kilichozungumzwa zaidi si hadithi. Ni pale kwenye ulingo sanduku linapofunguka, kuku anatokea, zombi mtoto anamdondokea mgongoni, na Jack Black anatamka "Chicken jockey!", yaani mpanda kuku. Kwenye kumbi nyingi za sinema vijana walipiga kelele, wakarusha bisi hewani, wakabebana mabegani, baadhi ya kumbi zilibandika matangazo ya kuwaonya. Wazazi waliokaa pembeni bila shaka waliuliza kwani kuna nini. Kilichopo ni kwamba kwenye gemu kiumbe huyo ni adimu. Unaweza kucheza siku nyingi usimwone, na ukimwona unamwita rafiki aje atazame. Goro na ngumi aliyopigwa, miaka 30 baadaye, na bisi badala ya jasho.

Lakini kelele hiyo peke yake haitoshi, na mwaka mmoja kabla filamu ya Borderlands ilikuwa imeshathibitisha. Ilikuwa na Cate Blanchett, Kevin Hart, mavazi yaliyonakiliwa kutoka kwenye gemu mpaka rangi ya nywele, na bajeti ya zaidi ya dola milioni 100. Iliingiza karibu milioni 33. Kila kitu kilitambulika, na hakuna aliyesimama. Gemu ile watu huipenda kwa kuokota bunduki za ajabuajabu na kucheka na marafiki watatu kwenye kochi moja, matusi na damu vikiwa sehemu ya utani. Filamu ilichukua mavazi ikaacha kochi. Minecraft, kwa ujinga wake wote, ililichukua kochi: ukumbi mzima uligeuka chumba cha watoto wanaocheza pamoja.

Novemba 2023 Nintendo walitangaza kwamba sasa ni zamu ya The Legend of Zelda, ya kuigizwa na watu halisi, mwongozaji akiwa Wes Ball na Miyamoto mwenyewe akiwa mmoja wa watayarishaji. Kati ya zote, hii ndiyo ninayoisubiri kwa wasiwasi. Mhusika mkuu, Link, tangu gemu ya kwanza ya mwaka 1986 hazungumzi. Anapiga ukelele akirusha upanga, anaguna akianguka, basi. Wazee wa kijiji wanamweleza matatizo yao, anatikisa kichwa. Gemu nyingi za mfululizo huo hata jina hazikulazimishi: zinakuuliza unaitwa nani, unaandika unalotaka, na tangu hapo kila mtu katika ufalme ule anakuita hivyo. Rafiki yangu aliandika jina la marehemu babu yake.

Kwenye filamu, mapema tu, mtu atamgeukia kijana yule wa kofia ya kijani amuulize swali, na kamera itasogea usoni kusubiri jibu.